Picha za Masoko Hazioni Chini ya Maji

Makala za utalii zimezoea kulinadi Ziwa Masoko, liitwalo pia Kisiba, kwa hadithi moja: Wajerumani walipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza walitumbukiza humo dhahabu na silaha, na picha za askari wa enzi hizo ati zinathibitisha. Kamera gani hiyo iliyoona chini ya maji yenye kina cha karibu mita 38?

Boma la Wajerumani hapo Masoko lipo kweli, kando ya barabara inayoshuka kutoka Tukuyu kuelekea Ipinda, Kyela. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey lilivuka kutoka Nyasaland na kuiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wenyeji husimulia pia kuokota sarafu za Kijerumani ufukweni. Sawa, ila askari walilipwa mishahara, na sarafu zao za heller zingeweza kudondoka popote penye kambi. Kutoka hapo hadi masanduku ya dhahabu ni mruko mrefu mno.

Halafu picha yenyewe huchagua. Ofisa alielekeza lenzi alikotaka. Tengatenga, mpagazi aliyembebea unga na risasi hakuwa na kamera.

Kilichotolewa chini ya Kisiba kwa uhakika ni tope. Watafiti walichimbua mashapo yenye kumbukumbu ya takriban miaka 45,000: chavua za mimea na majivu ya volkeno, tabaka juu ya tabaka, ndani ya shimo lililofumuliwa na mlipuko magma ilipokutana na maji ya ardhini. Tope hilo waandishi wa utalii hawaligusi kabisa.