Umeinua Gari? Pima na Magurudumu

Ndugu mfanyakazi, pengine utauliza: mganga msaidizi anatafuta nini katika mambo ya garaji? Jibu ni fupi. Mabega, shingo na viuno ambavyo mashofere wanatuletea dispanseri vimeumizwa na volani na kiti. Kwa hiyo leo ninasema habari ya urefu wa gari toka chini, na ya kunyoosha magurudumu, kazi ambayo mafundi wanaiita paralelismu.

Hapa Mikelenge njia unazijua. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni makorongo. Basi mwenye gari dogo anakimbilia kuliinua. Fundi anaweka kipande cha chuma juu ya resoli, gari linapanda sentimita 5, mwenyewe anaondoka akicheka. Simlaumu.

Siku hizi watu wanauliza pia magari ya umeme. Kobalti ya ndugu zetu wa Kolwezi imo katika batiri nyingi za magari hayo, kwa nini sisi tuyaone kwenye picha tu? Nissan Leaf ilifanya kazi ya teksi mjini Nairobi tangu 2018 hadi 2022. Lakini tumbo lake liko sentimita 16 hivi tu toka chini, na chini ya sakafu imelala batiri ya karibu kilo 300. Jiwe moja baya laweza kuiumiza. Atakayeileta kwetu ataiinua, nami sitamzuia.

Ila asiishie hapo. Gari likipanda, vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele vinabadili mlalo wake, na magurudumu hayatazami tena mbele sawasawa. Tuseme kati ya magurudumu mawili, kipimo cha mbele na cha nyuma vinapishana milimita 5. Kitu kidogo, sivyo? Kwa gurudumu la ukubwa wa Leaf, kila kilomita moja mpira unakwanguliwa kando karibu mita 4. Gari likiwa zito, mpira unalika upesi zaidi, upande mmoja, mpaka unapasuka watu wakiwa ndani. Kabla ya siku hiyo shofere amekwisha kupigana na volani toka asubuhi hadi jioni. Mafuta ya kuchua ninayo, lakini bega la mtu haliponi kama kesho analirudisha kwenye volani ile ile.

Kujua kama kuna kosa hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Jaza mipira upepo sawa, weka gari mahali tambarare, sukuma mbele mita chache ili resoli zikae, volani ikiwa imenyooka. Tia alama ya chaki nyuma ya kila mpira wa mbele, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, upime toka alama hadi alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa mbele, upime tena. Usirudishe gari nyuma, kipimo kitakudanganya. Tofauti ulinganishe na kitabu cha gari. Magurudumu ya nyuma ya Leaf ni habari nyingine: yameshikwa na chuma kimoja kisicho na bolti ya kurekebisha, kwa hiyo yakipinda mtafute fundi wa kweli, si mwenye nyundo.

Wewe unayeinua, usiweke jeki chini ya batiri. Kitabu kinaonyesha mahali pake. Nyaya za rangi ya machungwa zinabeba volti zaidi ya 300, usiziguse. Na kwa kuwa gari la umeme likiwashwa halingurumi, ufunguo ukae mbali na gari, na mbali na mikono ya watoto wa garaji wanaopenda kujaribu pedali.

Kapita ataniambia kazi itachelewa nusu siku. Ichelewe! Gari lililoinuliwa jana lisipakie wafanyakazi leo kabla ya kupimwa, na shofere akilikataa asiandikwe mkaidi. Kofia za kazi tunazikagua langoni kila asubuhi. Karatasi ya vipimo vya magurudumu ingekaguliwa pale pale, na mtu yule yule.