"NIMENUNUA KWANGU FLORIDA": HAPANA DADA, UMENUNUA WIKI MOJA!

Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Leo nimekuja na hasira zangu, naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu mkitaka kunitukana mnitukane.

Kuna staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, mnamjua wote. Wiki mbili zilizopita alitupia video Insta akiwa Orlando, Marekani. Anafungua mlango, sebule kali, balkoni, bwawa la kuogelea kule chini. Maneno yake: "Mungu ni mwema, nimenunua kwangu Florida." Asee, komenti zilivyomiminika! Hongera dada, umetupa nguvu, mwanamke mpambanaji, na ndugu yangu mmoja akaandika "naweka hii kwenye ndoto zangu".

Siku tatu baadaye akaibuka kaka mmoja anayeishi hukohuko Marekani, naye jina kapuni, ana wafuasi kibao wa diaspora. Akaiposti ileile video: "Na wewe unaweza. Njoo inbox nikuunganishe, tiketi za Disney za bei chee kwa watakaohudhuria."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Nikamwandikia nikijifanya nina shangazi yangu yuko huko anataka nyumba. Mbona alifunguka! Siyo nyumba. Ni "umiliki wa likizo", wiki moja kila mwaka. Yaani taimsheya.

TAIMSHEYA NI KITU GANI?

Kwa wasiojua, ni hivi. Mwaka una wiki 52. Kampuni inajenga jengo la hoteli, halafu kila chumba inakikata vipande vya wiki wikiwiki na kuuza kila kipande kwa mtu wake. Siku hizi wengi wanauza pointi badala ya wiki, ila mchezo ni uleule. Chumba kimoja, wenyewe hamsini. Ukishanunua, unapata siku saba za kulala pale kila mwaka, na kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende.

Siyo haramu, siyo wizi kwa sheria za kule. Lakini dada, hiyo siyo "kwangu". Kwako ni mahali ambapo Jumatatu ya wiki ya pili hukuti familia ya mtu mwingine imelala kitandani.

KWA NINI INANIUMA

Mama yangu mdogo yuko Texas. Anahudumia wazee, zamu za usiku, mgongo umeshachoka. Julai 2017 alijikusanya akawapeleka wanawe wawili Orlando wakaone Disney. Pale mapokezi ya hoteli akamkuta mtu nadhifu, mcheshi, anampa tiketi za punguzo. Sharti moja tu: kesho asubuhi aje anywe chai na kusikiliza semina ya dakika tisini.

Aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa tisa alasiri. Kila alipokataa, aliletwa mwingine mwenye cheo zaidi na bei ndogo zaidi. "Bei hii ni ya leo tu, ukitoka mlangoni imekufa." Watoto wako chumba cha michezo wanaulizia chakula. Mwisho akasaini. Wakapiga kengele, ukumbi mzima ukampigia makofi. Anasema tangu afike Marekani hakuwahi kupigiwa makofi, na ndiyo kitu kinachomuuma mpaka leo.

Bei dola 19,000. Alitoa kianzio dola 1,900, iliyobaki mkopo wa hukohuko kwenye kampuni kwa riba ya asilimia 15, miaka kumi. Kila mwezi dola 276. Ada ya matunzo nayo kama dola 1,100 kwa mwaka, na inapanda.

Mwaka huohuo mimi nilimaliza form four. Ahadi ilikuwa mama mdogo angenilipia chuo. Matokeo yalipotoka nikapiga simu, akaniambia, "Subiri kidogo mwanangu, mambo yamekaza." Nikasubiri. Dawa za presha za bibi nazo zikaanza kuja mwezi huu, mwezi ujao hakuna. Tulidhani Marekani imembadilisha, tukamsema sana, Mungu atusamehe. Kumbe alikuwa anaona aibu kutuambia amenunua wiki. Tumekuja kujua 2020, corona ilipofunga mahoteli. Hoteli ilifungwa, ada haikufungwa.

Kwa hiyo mkiniona nachachamaa na video ya sebule, mjue siandiki kwa wivu.

HAYA, DUKANI AU MTUMBA?

Kuna kundi la pili, wajuaji. Wao wanasema: "Mama yako mdogo alikosea kununua kwa kampuni. Angenunua kwa mtu aliyechoka nayo, wanaziuza bei ya bure." Hapa nataka twende taratibu, maana nusu ya maneno yao ni kweli na nusu nyingine inaua.

Kweli yao hii hapa. Kwa takwimu za chama chenyewe cha kampuni za taimsheya Marekani, ARDA, bei ya wastani ya kununua kwa kampuni inapita dola 20,000. Sasa ingia eBay utafute wiki za taimsheya. Utakuta watu wanaziuza dola moja. Ndiyo, moja! Wengine wanasema nitakulipia mpaka gharama za kuhamisha umiliki, chukua tu uniondolee.

Jiulize basi. Kitu kinachouzwa dola 20,000 ndani ya ukumbi wenye chai na makofi, ukitoka nje hakipati mtu hata kwa dola moja, bei yake halisi ni ipi? Bei ya kweli ya kitu chochote inajulikana siku unapotaka kukiuza wewe. Pale ukumbini unalipia chai, tiketi za punguzo, kamisheni ya yule mcheshi, na sasa na chochote anachopewa kaka yetu wa inbox.

Kwa hiyo kati ya dukani na mtumba, mtumba unashinda, tena mbali. Hesabu za mama mdogo kwa miaka kumi ni hizi, na ada nimeiacha palepale bila kuipandisha:

Dukani kwa mkopo: marejesho na kianzio ni kama dola 35,000, ongeza ada 11,000, jumla dola 46,000. Kwa wiki kumi, ni dola 4,600 kwa wiki, zaidi ya dola 650 kwa usiku mmoja. Kwa kitanda!

Mtumba: tuseme dola 1,000 ya kununua na 500 ya kuhamisha umiliki, ongeza ada 11,000, jumla dola 12,500. Ni dola 1,250 kwa wiki, kama 180 kwa usiku.

Umeona tofauti? Sasa subiri, usikimbilie eBay.

SUMU ILIYOMO KWENYE MTUMBA

Ukinunua shati Karume, hata likiwa bovu, umelia mara moja imeisha. Shati la Karume halikutumii bili kila Januari. Taimsheya ya dola moja inakuja na ileile ada ya dola elfu na zaidi kila mwaka, na mikataba mingi ya Marekani haina tarehe ya mwisho. Aliyekuuzia dola moja hakukupa zawadi. Amekukabidhi bili yake, na ndiyo maana amekuuzia dola moja. Siku na wewe ukichoka, itabidi utafute mtu wa kumkabidhi.

Pili, kampuni hazipendi mtumba, zinaubana. Mfano mzuri ni Disney wenyewe, ambao klabu yao ya likizo ilianza 1991. Aliyenunua pointi mkononi kwa mtu kuanzia Januari 19, 2019 haruhusiwi kuzitumia kwenye baadhi ya hoteli zao mpya, ikiwemo Riviera. Aliyenunua kwao moja kwa moja anaruhusiwa. Halafu wana haki ya kuingilia mauziano yenu: mkishakubaliana bei na muuzaji, Disney wanaweza kusema tunainunua sisi kwa bei hiyohiyo, wewe ukaambulia patupu. Nisiwe mnafiki, za Disney huwa zinashika bei kuliko nyingine nyingi, na mikataba yao ina mwisho, ile ya mwanzo inaisha 2042. Ila hiyo ni Disney, usidhani kila jengo lenye bwawa liko hivyo.

Tatu, matapeli. Soko hili limejaa watu wanaopiga simu: "Tuna mteja wa wiki yako, tanguliza ada kidogo tukamilishe." Mama mdogo alitoa dola 900 kwa mtu wa namna hiyo. Mteja hakuwepo, na namba ikawa haipatikani. Na msidhani ni vijana wa mtaani tu. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na makampuni ya eneo la Puerto Vallarta, Mexico, kwa utapeli wa taimsheya uliohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco. Genge! Linawinda wastaafu wenye wiki wasizozitaka.

SASA MSIMAMO WANGU

Wajuaji wanauliza tununue wapi. Mi nasema swali la kwanza ni hili: ada ya kila mwaka utaiweza kwa miaka ishirini, hata mwaka ambao hukupata likizo? Mtu wa zamu za usiku, mwenye ada za watoto na bibi nyumbani, jibu analo. Asinunue dukani, asinunue mtumba. Akodi. Wenye wiki wasioweza kwenda wanazikodisha, wengi kwa bei inayokaribia ileile ada yao tu. Analala sebule ileile ya kwenye video, anaogelea bwawa lilelile, akiondoka hana deni na mtu.

Ila kama una hela zako, unapenda kwenda palepale kila mwaka na umeshapiga hesabu, nunua mtumba. Kabla hujatoa hata senti, pata barua ya hoteli yenyewe inayosema muuzaji hadaiwi ada. Uliza kwa maandishi mnunuzi wa mtumba ananyimwa nini. Hela ipite kwa kampuni ya tatu inayoshughulikia uhamisho wa umiliki, isiende mfukoni kwa mtu. Na anayedai atangulizwe ada ili akuuzie ya kwako, mkatie simu.

Na kama umeshasaini dukani juzi, soma hapa kwa makini: sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuvunja mkataba, hela yako inarudi. California ni siku 7. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14. Maelezo ya jinsi ya kuvunja yamo ndani ya mkataba wenyewe, usione aibu, andika barua leo. Mama mdogo alizimaliza siku zake 10 akiwa bado anayasikia yale makofi.

KWENU MASTAA

Najua mtu atakuja hapo chini kuandika "wivu tu". Sawa, andika.

Ila dada yetu, ulipoandika "nimenunua kwangu" ulijua watu wangeelewa nini. Ungeandika "nimenunua wiki moja ya kupumzika kila mwaka" nisingekuwa na neno, na hongera ningekupa. Kuna mlinzi kule Houston, kuna mdada anaosha vyombo Minnesota, wanakuamini kuliko wanavyowaamini ndugu zao. Wakiona umefungua ule mlango, wanaenda kunywa chai ya dakika tisini.

Na wewe kaka wa inbox, sema hadharani unapata nini kwa kila kichwa unachokipeleka. Nilikuuliza mara mbili, ukanitumia emoji ya kucheka.

Wenye muda watafute filamu ya 2012 inayoitwa The Queen of Versailles. Inamhusu tajiri wa kampuni kubwa ya taimsheya na mkewe, waliokuwa wanajenga mojawapo ya nyumba kubwa kabisa Marekani. Mikopo rahisi ilipokauka 2008, ujenzi ukasimama. Mnajua walikuwa wanaijenga wapi? Karibu na Orlando. Kwa hiyo nyumba ya Florida ipo kweli wadau. Ni ya muuzaji.

Mama mdogo amebakiza kulipa mpaka 2027. Ameniruhusu kuandika haya, ila ameniambia nisimtaje jina, na nimwambie kila mwenye ndugu huko amtumie. Basi mtumie. Halafu shuka hapo chini utuambie: kuna ndugu yako yeyote aliyewahi kupigiwa makofi?