Kinajengwa kwa Saa Ngapi, Kinaungua kwa Dakika Ngapi?

Wiki iliyopita darasani tulioneshwa picha ya kibanda cha plastiki chenye umbo la yurti, kinachosafirishwa kikiwa vipande bapa. Mwenzetu mmoja akasema hayo ndiyo makazi ya wakimbizi ya kesho, maana watu wanne hukisimamisha kwa siku moja bila fundi. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nimelelewa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, katika nyumba ya udongo aliyoijenga baba kwa mikono yake. Mvua ikinyesha, mama aliingiza mbabula ndani, kwani ugali haungoji jua. Basi nikionyeshwa kibanda chochote, siulizi kwanza kinajengwa kwa saa ngapi. Nauliza kinaungua kwa dakika ngapi.

Yurti ya asili, ile ya wafugaji wa Mongolia na Kazakhstan, hufunikwa kwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa. Sufi haishiki moto kwa urahisi, na mwali ukiondolewa hujizimia yenyewe. Katikati ya paa kuna tundu la moshi. Ndiyo maana wafugaji wale wamewasha moto ndani karne nyingi. Waigaji wa leo wamechukua umbo, wakaacha sufi. Mahali pake wameweka plastiki au povu gumu, vitu vinavyoyeyuka, vinavyodondosha matone ya moto na kutoa moshi wa sumu. Povu la poliyurethani likiungua hutoa hata sianidi. Huo nao tunauita urahisi!

Atakayesema natia chumvi atazame Zurich. Mji huo ulinunua vibanda 62 vya Better Shelter, ambavyo si yurti lakini ni vya plastiki na vya kuunganishwa vivyo hivyo, vilivyobuniwa kwa msaada wa IKEA Foundation. Desemba 2015, kabla wakimbizi hawajahamia, vikapimwa, vikaonekana vinashika moto upesi mno, mji ukaviacha. Kibanda hichohicho kikapata tuzo ya ubunifu ya mwaka 2016 ya Design Museum, London. Waundaji wamekirekebisha tangu hapo, nami nawashukuru. Lakini Zurich walikuwa na mpimaji. Sisi kambini mpimaji wetu ni nani?

Najua nitajibiwa kwamba hema la turubai nalo huungua. Kweli, tena upesi. Ila hema mtu hulipasua kwa kisu akatoka na wanawe. Ukuta mgumu wenye mlango mmoja utaupasua kwa nini?

Viwango vya Sphere vinataka angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba, na uwazi wa mita 30 kwa kila mita 300. Mwenzetu hakugusa hilo, wala hakutaja njia ya pili ya kutokea. Basi alete kipande kimoja cha ukuta huo hapa uwanjani, mbele ya walimu wetu. Mbabula nitaleta mimi.