Mgonjwa wa saratani asilazimishwe kutabasamu

DAWA ya kwanza anayopewa mgonjwa wa saratani humu nchini aghalabu ni maneno: jipe moyo, usiwaze mabaya, ukikata tamaa utaupa ugonjwa nguvu. Wanaoyatamka wana nia njema. Hata hivyo, maneno hayo yamebeba dai zito, kwamba uhai wa mgonjwa umo katika uchangamfu wake.

Dai hilo limepimwa. Mnamo 2007, James Coyne wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Wenye utulivu wa moyo hawakuishi muda mrefu kuliko waliolemewa na huzuni.

Wapo watakaovunjwa moyo na matokeo hayo, ilhali yanamtua mgonjwa mzigo. Mama anayelia usiku baada ya kutiwa dawa za kemotherapia hajiui kwa machozi yake, na uvimbe ukirejea hana kosa la kujibia.

Je, utulivu wa moyo hauna faida basi? Unayo, tena kubwa, ila si ya kuongeza siku bali ya kuzipa thamani zile zilizopo.

Aliyekuwa Mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alilidhihirisha hilo. Mapema 2019 alitangaza hadharani kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne, katika nchi ambapo viongozi wengi huficha maradhi yao hadi kaburini. Hakuuficha ukali wake. Elimu ya watoto wa Kibra, aliyoipigania tangu achaguliwe 2013, ilibaki kazi yake hadi alipofariki Julai 26 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 41.

Jijini New York, Dkt William Breitbart wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering aliunda ushauri nasaha kwa msingi huo, akichota mawazo ya Viktor Frankl, daktari aliyenusurika kambi za Wanazi. Mgonjwa haambiwi atabasamu. Huulizwa ameishi kwa ajili ya nini, na lipi angali anataka kulitenda.

Maswali hayo hayahitaji mashine wala dawa ghali. Yanahitaji mtu wa kuketi na kusikiliza, huduma ambayo Nairobi Hospice imekuwa ikitoa tangu 1990. Lakini katika wadi nyingi za umma, muuguzi mwenye wagonjwa tele hupata nafasi ya kuuliza tu panapouma.