"Nilienda mara moja, hakunishauri kitu!"

Najua nimepotea, testi zilinibana na madesa yalinizidi kimo. Leo nilitaka kulalamikia boom kama kawaida yetu, lakini juzi nimesikia jambo pale kafeteria limenikera mpaka leo. Naomba nilitoe.

Tulikuwa mezani watu watano. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya minyoo, eti ofisi ya unasihi iko wapi na mtu akienda anafanywa nini. Sijameza wali, jamaa mmoja wa darasani kwetu akadakia: "Usijisumbue. Mimi nilienda mara moja, hakunishauri kitu. Kaniuliza maswali wee, halafu ananiambia njoo wiki ijayo!" Meza nzima kicheko. Mwingine akamalizia na ule utani wa Mirembe, mnaujua. Binti naye akacheka, akainamia sahani yake. Hakuuliza tena.

Jamani, yule jamaa hakusema uongo hata kidogo. Ndivyo siku ya kwanza ilivyo. Kosa lake ni kumpa mwenzake hukumu ya kitu alichokiacha mlangoni.

Na mimi nalilaumu hata neno lenyewe: ushauri. Kwetu ushauri ni kitu cha kupewa. Shangazi anakushauri, mjomba anakushauri, shehe na mchungaji nao wanakushauri. Unaingia na tatizo, unatoka na jibu. Sasa mtu anaenda kwa mnasihi akisubiri jibu, anakutana na maswali, anaona kaibiwa. Lakini mnasihi hayupo pale akuchagulie maisha. Hakujui! Kama ana jibu lako ndani ya dakika kumi za kwanza, huyo ndiye wa kumwogopa.

Nayasema haya kwa sababu nimeyapitia. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili. Tulipomaliza msiba nikarudi chuo, kila mtu ananiambia "pole, jikaze". Nikajikaza kweli. Nikawa silali. Saa 9 usiku macho makavu, saa 2 asubuhi nasinzia kwenye mhadhara. Na kichekesho chenyewe ni hiki: semesta ileile tulikuwa na kozi ya ushauri na unasihi, na nikapata A! Niliorodhesha dalili zote kwenye mtihani, zote ninazo, nikakabidhi karatasi nikarudi hosteli kukodolea dari. Ilinichukua miezi miwili mingine kwenda.

Siku ya kwanza ni fomu: jina, kozi, ndugu wa karibu. Halafu nikapewa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai. Kila swali unajipa alama 0 hadi 3. La mwisho linauliza kama umewaza kwamba ni heri ufe, au kujidhuru. Usishtuke. Kila anayejaza karatasi ile anaulizwa, na kuulizwa hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Jibu ukweli.

Kisha mnasihi akanieleza habari ya siri. Ninayosema yanabaki mle ndani, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, kama kuna mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiagiza. Wewe asipokueleza, muulize. Ni haki yako kujua kabla hujafungua mdomo.

Tukaongea kama dakika 50. Nilipanga kuongelea usingizi, nikajikuta naongelea viatu vya baba, ambavyo mama bado anavipiga kiwi kila Jumapili. Nikalia, mwanaume mzima. Nikatoka na kichwa kizito kuliko nilivyoingia, nikaapa sirudi tena. Hili ndilo watu hawaambiwi: siku ya kwanza unaweza kutoka umevurugika zaidi, na haina maana kwamba imeshindikana. Nilirudi. Mara ya tatu nikapewa kazi ya nyumbani: niandike kila siku nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi, na usingizi ukigoma nitoke kitandani kwanza. Haukurudi kwa siku moja, ila ulirudi. Huzuni ipo. Lakini nalala.

Sasa walimu wenzangu, ninyi mnaoandika andalio la somo kila siku, nani hufanya tathmini ya somo zima kwenye utangulizi? Mkaguzi akikuta umeandika "wanafunzi hawajaelewa" dakika ya tano atakushangaa. Mbona kwenye hili tunaridhika na utangulizi tu?

Na wale wa "hayo mambo ya Wazungu", tusogee hapo Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi wa mtaani, Mbare, Harare. Bibi anakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wanaongea. Hata bibi hao hawaanzi na jibu. Wanauliza kwanza, na hatua ya mwanzo kwa Kishona inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573, ulionyesha waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 6 kuliko wenzao. Mpango ulikuwa vikao 6, siyo kimoja. Uzungu uko wapi hapo?

Sitetei kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Wapo wanaokuhubiria, wapo wanaokukaripia, wapo wenye mdomo. Ukikutana na huyo, omba mwingine, na usione aibu. Na chuo nacho kina lake: ofisi yenyewe iko korido moja na ofisi ya nidhamu, ukionekana unasubiri pale washkaji wanauliza umeiba nini! Hayo tuyapigie kelele, nami nitapiga. Ila kelele ni jambo moja, na kumcheka anayeulizia mlango ni jambo jingine.

Maana sisi tutapangiwa vituo. Mkuu wa shule atatafuta mwalimu wa unasihi, atamwangalia aliyekuja juzi, atasema "wewe si umesomea?" Siku moja mtoto wa kidato cha pili atakuja kukuuliza kwa sauti ya chini. Utamjibu ya Mirembe?

Namalizia na langu, ili msiseme najifanya mtakatifu. Pale mezani, mimi mwenye A yangu na viatu vya baba, nilinyamaza. Na nilicheka kidogo. Ndiyo maana naandika leo.

Kwa hiyo dada wa kafeteria, kama unasoma: ni korido ya nidhamu, mlango wa mwisho kushoto. Utaulizwa maswali mengi, pengine utalia, jibu hutapewa. Jipe angalau mara 3 au 4 kabla hujasema haifai. Na kama unaogopa kukaa pale peke yako, mimi Alhamisi sina kipindi. Nitakaa na wewe, waniulize mimi nimeiba nini.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Anayebisha, abishe.