Mgonjwa Aliyerudishwa Nyumbani



Mwanamume aliyechomwa sindano ili kutolewa vipande vidogo vya nyama ya tezi dume vikapimwe, kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile. Nasi twadhani yamekwisha. Damu kidogo katika mkojo kwa siku chache, na katika shahawa kwa majuma kadhaa, isimtishe. (Naam, neno hilo nasi mapadre tulitamke.) Bali homa, kutetemeka kwa baridi, damu ya mabonge, au kushindwa kupata haja ndogo, vyamdai arudi hospitali mara moja, hata usiku wa manane.

Je, mkewe ameelezwa? Mume huficha kwa aibu, na mhudumu ana haraka. Kuelezwa ni haki ya mgonjwa, si hisani. Na Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, zilizozoea kuwatembelea waliolazwa tu, zimwekee huyu nauli tayari.