Kupogoa Msitu Bila Kumpoteza Mgonjwa

Miongoni mwa mbinu za kompyuta zinazotumika kukadiria hatari inayomkabili mgonjwa, msitu nasibu umejijengea heshima kubwa tangu Leo Breiman alipoueleza katika makala yake ya mwaka 2001. Mbinu hii hukuza mamia ya miti ya maamuzi, kila mmoja ukifunzwa kwa sampuli yake ya wagonjwa; kisha miti hiyo hupiga kura, na jibu la wengi ndilo hutolewa.

Tatizo ni uzito wake. Chukuliwe mfano wa msitu wenye miti 500, kila mti ukiwa na vifundo 20,000, yaani mahali ambapo mti huuliza swali au hutoa jibu. Ikiwa kila kifundo kinahitaji baiti 64, msitu mzima utadai megabaiti 640 za kumbukumbu. Seva ya chuo haitahisi mzigo huo; simu ya muuguzi wa zahanati itakwama. Kulibana faili hakutoshi, kwa kuwa likifunguliwa hurudia ukubwa wake wa awali.

Dawa ni kupogoa. Miti ikipunguzwa hadi 100, na kila jani likilazimishwa kubeba wagonjwa wengi zaidi hata vifundo vya kila mti vikashuka hadi 4,000, msitu huo utahitaji megabaiti 26 hivi.

Hata hivyo, njia hizo mbili hazina gharama sawa. Kupunguza miti huondoa kura zinazorudiana, kwani baada ya idadi fulani mti mpya hauongezi usahihi wa maana. Kuyapanua majani ni jambo jingine. Mtoto mwenye selimundu aliyepatwa na homa na upungufu mkubwa wa damu huenda ana wenzake 20 tu katika takwimu zote. Jani lao likiunganishwa na la wengi, hatari yao humezwa na wastani. Usahihi wa jumla hautatikisika. Watakaoachwa ni wao.

Kwa hiyo, uamuzi wa nini kikatwe usiachiwe mhandisi peke yake. Ipunguzwe kwanza idadi ya miti. Kisha modeli iliyopogolewa ipimwe upya kwa wagonjwa ambao haikufunzwa nao, na itajwe wazi imewakosa mahututi wangapi katika kila kundi, hata lililo dogo. Wepesi wa modeli ni neema kwa zahanati, lakini gharama yake isilipwe na mgonjwa adimu.